Kura ya Pili ya Elvi Rautio

Elvi Rautio aliwapikia wanafunzi wa shule moja kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Hata baada ya kustaafu, wanaume wazima wenye mvi walikuwa wakikutana naye dukani na kumwomba, kwa utani, awaongezee viazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kusifiwa. Mji wao uko kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, Marekani, ng'ambo ya daraja refu, ambako babu zao walikuja kutoka Ufini kuchimba shaba. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Waliobaki ni wazee, misitu, kulungu, na theluji ambayo ikishaingia mwezi wa Novemba haimwombi mtu ruhusa mpaka Mei.

Kwenye siasa aliingizwa na mumewe, Arvid, mkata magogo aliyependa chama chake kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Arvid alipofariki, Elvi aliendelea peke yake, labda kwa sababu hakujua la kufanya na jioni zake. Alipika kahawa ya mikutano, akabandika stempu kwenye bahasha, akabisha hodi milangoni kwa watu akiwa amevaa viatu vya theluji vya marehemu. Hakuwahi kugombea cheo chochote. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, atakwambia kwamba mtu akishazoea kufagia ukumbi, hauachi mchafu.

Jirani yake wa karibu alikuwa Eskil Nurmi, mzee aliyeacha mapafu yake mgodini. Mtungi wake wa oksijeni aliuburuta kwenye kigari kidogo kama mtu anayetembeza mbwa asiyetaka kutembea. Eskil alikuwa wa chama kile kingine, tena kindakindaki, na picha ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa migodi ilitundikwa jikoni kwake mahali ambapo wengine hutundika picha ya Yesu. Hakuwa na mtoto, na macho yake hayakumruhusu tena kuendesha gari. Kwa hiyo kila uchaguzi Elvi ndiye aliyempeleka kupiga kura. Wakitoka ukumbini mzee alikuwa akimwambia, "Haya jirani, tumeshafutana. Tungebaki nyumbani tukanywa kahawa, rais angekuwa yuleyule." Elvi alikuwa akicheka na kumfunga mkanda wa gari. Hakuna kati yao aliyewahi kubaki nyumbani.

Mwaka ambao mambo haya yalitokea, Duane Pelkie, mwenyekiti wa chama wilayani, alirudi kutoka mkutano mkuu wa jimbo na habari. Duane alikuwa na duka la vipuri vya magari, na zamani yeye na Arvid walikuwa wakiwinda pamoja. Alimkuta Elvi akikanda mkate wa iliki, akavua kofia na kumwambia kwamba jina lake limepitishwa: mgombea wao akilishinda jimbo, Elvi atakuwa mmoja wa wajumbe wa Michigan watakaokutana Lansing, makao makuu ya jimbo, kumchagua rais.

Elvi aliuliza kama hakuna mtu mwenye elimu zaidi.

"Elimu ya nini, dada? Unaenda Lansing mwezi wa Desemba, unatia sahihi, unakula chakula cha mchana, unarudi," Duane alisema. "Umefanya kazi ya chama miaka yote hii, hujalipwa hata kikombe. Hii ni ahsante."

Basi alikubali. Alitia sahihi ahadi kwamba atampigia kura mgombea wa chama, na wala hakuona kwamba ameahidi jambo zito. Alimkumbuka Arvid, akasikitika kwamba hayupo kumcheka.

Siku ya uchaguzi ilinyesha mvua iliyochanganyika na barafu. Ukumbi wa kata ulikuwa na foleni mpaka nje. Karani alimletea Eskil kiti na kumwambia apite mbele, lakini mzee alikataa katakata. Alisema hajawahi kuruka foleni ya mshahara, hataruka ya kura. Akasimama na mtungi wake. Midomo ikaanza kuwa ya samawati. Elvi alimshika kiwiko na kumgombeza kwa Kifini, lugha ambayo wote wawili walibaki nayo ya matusi na sala tu, lakini mzee hakukubali kuketi mpaka alipoingiza karatasi yake kwenye mashine kwa mkono wake mwenyewe. Ndani ya gari alishindwa hata kusema ule utani wake. Alikaa amefumba macho, akihema, na Elvi aliendesha polepole akiogopa kila bonde la barabara.

Mgombea wa Elvi alishinda Michigan kwa kura chache mno, kura ambazo ukizigawa vijijini hazijazi kanisa la kila kijiji. Lakini jimbo ni jimbo: wajumbe wote walikuwa wa chama chake, na wajumbe ndio wanaomchagua rais. Asubuhi Duane alimpigia simu akicheka kama kijana. Elvi alifurahi kwa dhati. Alioka mikate miwili, mmoja wa Duane, mmoja wa Eskil, na ule wa Eskil akauacha mlangoni ili asionekane amekwenda kumringia.

Furaha ile haikukaa. Kadiri hesabu ya nchi nzima ilivyoendelea, ndivyo ilivyobainika kwamba mgombea aliyeshindwa kwa hesabu ya wajumbe alikuwa amepata kura nyingi za wananchi kuliko aliyeshinda, tena si kwa wachache, kwa mamilioni. Elvi alilisikia redioni akiosha vyombo. Alifunga bomba ili asikie vizuri, akalifungua tena.

Ndipo barua zikaanza kumiminika. Majina ya wajumbe yalikuwa hadharani, na watu asiowajua, kutoka majimbo ambayo hajawahi kuyakanyaga, walimwandikia. Wengine walimwomba kwa jina la Mungu abadilishe kura yake. Wengine walimtukana kabla hajafanya lolote. Mama mmoja alimtumia picha ya watoto wake. Tarishi alikuwa akizileta ndani ya ndoo, na Elvi, aliyelelewa kuamini kwamba barua ni lazima ijibiwe, alijibu chache, kisha nyingine zote akazitumia kuwashia jiko la chumba cha kuogea kwa mvuke nyuma ya nyumba.

Binti yake, Marlys, muuguzi huko California, naye alipiga simu. Walikuwa na desturi ya kutozungumza siasa, lakini safari hii binti aliivunja. Alimwambia mama yake kwamba yeye ni mmoja wa watu wachache sana nchini ambao kura yao ina uzito.

"Na yako je?" Elvi aliuliza.

"Yangu? Huku kwetu, mama, ni kumwaga maji ziwani. Chama changu kingeshinda hata kama nisingeamka."

Elvi alisema ametoa neno lake. Marlys akasema neno alilitoa kwa chama, si kwa nchi. Mama akajibu kwamba nchi haijawahi kuja kunywa kahawa kwake, chama ndicho kilichomzika mumewe. Wakaagana kwa ubaridi, na simu ya Jumapili iliyofuata haikulia.

Eskil hakutoka tena baada ya ile siku ya foleni. Elvi alimpelekea supu ya samaki kila mchana. Siku moja mzee aliweka kijiko chini, akauliza kama ni kweli anakwenda Lansing.

"Kweli."

"Kufanya nini?"

"Kupiga kura ya rais."

"Ulishapiga. Nilikuwa nawe."

"Hii ni nyingine, Eskil. Ndiyo yenyewe."

Mzee alisukuma bakuli kando. Mashine ya oksijeni ilikuwa ikipumua badala yake pale pembeni. Halafu akasema, bila hasira, "Kwa hiyo hatukufutana."

Elvi alianza kumweleza kwamba huo ndio utaratibu tangu nchi ilipoundwa, kwamba kila jimbo lina sauti yake, lisije likamezwa na miji mikubwa. Aliyasema kama alivyoyasikia kwenye mikutano. Eskil alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mimi sikulaumu, jirani," alisema. "Nataka kujua tu. Mimi nilipiga moja, ikavuka daraja, ikafika Lansing, ikafia huko. Yako imefika Lansing ikazaa. Sasa kura zetu sisi tulioshindwa hapa, nani anazipeleka Washington?"

"Hakuna anayezipeleka."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Aa," alisema Eskil, akarudia supu yake. Baada ya muda akaongeza, "Ungeniambia siku ile nikae kwenye kiti."

Alikufa mapema Desemba. Elvi ndiye aliyemkuta, asubuhi, akiwa ameketi jikoni, mkono mezani kama anayengoja kumiminiwa kahawa. Ardhi ilikuwa imeshaganda, kwa hiyo jeneza liliwekwa kwenye chumba cha mawe makaburini, pamoja na wengine waliofariki baridi ile, kusubiri udongo ulainike. Kanisani walikuwa wachache. Mchungaji aliongea juu ya mgodi. Elvi aliosha vyombo vya marehemu, akavifuta, akavirudisha kabatini, ingawa hapakuwa na wa kuvitumia, na wiki hiyohiyo akapanda gari la Duane kwenda Lansing.

Njiani Duane aliongea sana. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye kazi yake imezaa matunda, na Elvi alimwitikia. Angeweza kumwambia wakati ule. Angeweza kusema, Duane, mimi naumwa, mweke mtu mwingine, na Duane angefoka kidogo, angepiga simu, mambo yakaisha. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Lakini ukweli ni kwamba alipovuka daraja alikuwa bado hajui atafanya nini. Alikuwa akimfikiria Eskil na ule mdomo wa samawati, na kila alipojaribu kumfikiria rais, uso wa rais haukuja.

Ukumbi wa baraza la jimbo ulikuwa na mazulia mazito na taa za vioo. Nje watu walikuwa wakipiga kelele kwenye baridi, wengine wakimtaja kila mjumbe kwa jina. Ndani waliapishwa, wakaketishwa kwenye viti vya maseneta. Elvi alikuwa amevaa gauni la buluu alilovaa kwenye mahafali ya Marlys. Mbele yake iliwekwa karatasi. Alivaa miwani na kuisoma. Jina la mgombea lilikuwa limeshachapwa; kilichoachwa wazi kilikuwa mstari wa sahihi.

Aliigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Wenzake walikuwa wakitia sahihi na kupigana picha. Elvi alichukua kalamu, akalikata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyokuwa akikata chakula kilichokwisha kwenye orodha ya mlo wa shule. Juu yake akaandika jina la mgombea wa Eskil. Hakumpenda mtu yule. Hakuwa amempigia kura, wala asingempigia kesho. Akatia sahihi chini, akaifunika kalamu.

Ofisa aliyekuwa akikusanya karatasi aliisoma, akaisoma tena, akainama. Alikuwa kijana mpole, na alinong'ona.

"Mama, umekosea karatasi. Nikuletee nyingine?"

"Sijakosea."

Alikwenda kushauriana na wakubwa wake. Ukumbi ulianza kutulia, watu wakigeuza shingo. Kijana alirudi na mwanamke mwenye suti nyeusi, ambaye naye aliongea kwa upole uleule. Alimweleza kwamba kwa sheria ya jimbo, mjumbe asiyempigia mgombea wa chama chake anahesabiwa kuwa amejiuzulu.

"Sijajiuzulu," Elvi alisema. "Nimeketi hapa."

"Naelewa, mama. Lakini sheria inasema umejiuzulu."

"Sasa mlinileta nipige kura ya nini?"

Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza mwanamke yule swali hilo. Alingoja tu, mikono ameikunja tumboni. Elvi alisimama, akachukua mkoba wake. Wajumbe waliobaki walinyoosha mikono kumchagua mwingine, bwana mmoja wa duka la fanicha aliyekuwa ameketi kwenye viti vya wageni, akaja akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto. Karatasi mpya ililetwa. Ilipotangazwa hesabu, Michigan ilikuwa imetoa kura zake zote kwa mshindi, bila hata moja kupungua. Elvi aliisikia hesabu hiyo akiwa mlangoni. Ilikuwa kama hakufika.

Nyuma ya jengo alimkuta Duane ndani ya gari, injini inaunguruma. Hapakuwa na njia nyingine ya kurudi. Aliingia, akafunga mkanda, wakaondoka.

Ni mwendo wa siku nzima kutoka Lansing mpaka kwao, na theluji ilikuwa ikivuma kando kando. Duane hakuwasha redio. Walipita miji, walisimama kuweka mafuta, na alimnunulia kahawa kwa sababu asingeweza kutomnunulia. Daraja lilikuwa limeshapita nyuma yao, na giza limeingia, ndipo Duane alipofungua kinywa.

"Ungeniambia."

"Ni kweli, ningekwambia."

"Nilikupa mimi ile nafasi. Nilisimama mbele ya watu nikasema, huyu ni mtu wa kuaminika." Alifuta kioo kwa mkono. "Wale watu uliowabishia hodi, Elvi. Wewe mwenyewe uliwaambia kura yao ni muhimu. Wakatoka na mvua ile. Halafu unaenda Lansing unaitupa."

Hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Alijibu kwamba hakutaka kuitupa, alitaka Eskil naye awemo.

"Eskil alishindwa."

"Hapa alishindwa. Nchi nzima je?"

"Nchi nzima, nchi nzima! Wakihesabu vichwa nchi nzima, sisi wa huku ni nini? Nani atakanyaga huku? Watatuchagulia watu wa mijini mpaka rangi ya milango yetu. Huu utaratibu ndio unaotulinda sisi."

"Eskil naye alikuwa wa huku, Duane."

Duane alipunguza mwendo. Aliendesha, taa za gari zikichimba shimo dogo kwenye theluji. Alipomfikisha alishuka, akambebea mkoba mpaka mlangoni, kama alivyolelewa, akamwambia usiku mwema bila kumtazama.

Magazeti yalimwandika siku mbili tatu, yakamwacha. Mtu mmoja alimtumia maua; mwingine alitupa mayai kwenye dirisha lake, yakaganda pale pale, ikabidi ayabandue kwa kisu. Jumapili kanisani, kwenye kahawa ya baada ya ibada, watu walimsalimia vizuri kisha wakaenda kuketi meza nyingine, kana kwamba viti vya meza yake vimejaa. Hakuna aliyemkosea adabu. Ndivyo watu wa kule walivyo. Wakikukasirikia wanakuwa wapole zaidi. Chama kilimwandikia kumshukuru kwa miaka yake na kumwambia kwamba hatasumbuliwa tena na kazi.

Marlys alipiga simu akilia kwa furaha, akamwita shujaa. Elvi alimsikiliza kwa muda, kisha akamwomba asimwite hivyo.

"Lakini ulifanya jambo la haki, mama."

"Jambo gani? Waliomchagua huyu niliwaahidi, nikawavunjia. Waliomchagua yule sikuwapa kitu. Kura iliandikwa ikafutwa, mwanangu. Hata Eskil hakuipata."

Marlys alisema kilicho muhimu ni kwamba alijaribu. Elvi akabadilisha mazungumzo, akauliza juu ya hospitali, na tangu hapo simu za Jumapili zilirudi, lakini kila mmoja alijua pa kupita na pa kuzunguka.

Mwezi wa Mei walimzika Eskil. Elvi alikuwepo, na mchungaji, na wachimba kaburi. Nyumba ya mzee iliuzwa kwa watu wa Chicago waliokuwa wakija wiki mbili kila kiangazi, wakafunga madirisha na kuondoka. Upande ule wa ua sasa ulikuwa giza tangu Septemba.

Baridi iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Elvi alianguka kwenye ngazi za nyuma akavunjika kifundo cha mkono, na theluji ikajaa juu ya paa lake mpaka mbao zikaanza kulia. Alimpigia simu kijana mmoja wa kuondoa theluji kwa malipo, hakuja. Alipiga tena, simu haikupokelewa. Akawa anaketi jikoni akisikiliza dari, akijiuliza kama ahamie chumba cha nyuma.

Asubuhi moja alisikia koleo likikwangua theluji juu ya paa. Alichungulia dirishani akaona gari la Duane, na ngazi imeegemezwa ukutani. Duane alikuwa peke yake, mzee naye sasa, anapiga koleo moja, anapumzika, anapiga jingine. Alifanya hivyo mpaka karibu adhuhuri. Elvi alipika kahawa, akakata mkate kwa mkono mmoja, akapanga vikombe viwili. Aliposikia ngazi ikishushwa alifungua mlango.

"Kahawa iko tayari," alisema.

Duane alikuwa akifunga ngazi kwenye gari. Aliivuta kamba, akaikagua, akaivuta tena.

"Usisimame kwenye baridi na huo mkono," alimwambia, akaingia garini.

Elvi alibaki mlangoni mpaka gari lilipopinda kwenye njia kuu. Kisha akafunga mlango, akarudisha kikombe kimoja kabatini, akaketi kunywa kahawa yake ingali moto.